Wote Januari Mosi

Karani wa vyeti vya kuzaliwa hapa Garissa hupuliza muhuri kabla ya kuugonga, kama anayepoza chai. Ndevu zake zina hina, vidole ni laini, na sauti haipandi hata anapokufukuza. Mtoto asiyejulikana tarehe ya kuzaliwa humwandikia Januari mosi. Anayejulikana humwandikia hiyo hiyo, maana mkono umeshazoea.

Leo Khadra, mama aliyetoka Balambala, alimwekea mezani vyeti vya wanawe wawili. “Walaal, ndugu yangu, binti yangu Idil nilimzaa Novemba, kwenye mvua. Wewe umeandika Januari ya mwaka huo huo. Kaka yake alizaliwa Novemba ya mwaka uliotangulia, na cheti chake, alichoandika karani mwingine, kinasema hivyo. Kwani nilizaa wawili kwa miezi miwili?”

Karani alimtazama kwa heshima mpya. “Mashallah, mama.”

Foleni nzima tukacheka. Khadra hakucheka.

“Nirekebishie. Shule inasema vyeti ni vya uongo, wallahi imewafukuza wote.”

Karani akachapa cheti kipya, akapuliza muhuri, akagonga. Cha Idil hakukigusa. Aliyerekebishwa ni kaka yake: naye sasa amezaliwa Januari mosi ya mwaka wake.

“Sasa wamepishana vizuri,” akasema, “mwaka mzima. Anayefuata!”