Kishikwambi Kilichochubuka Kona

Jirani yangu Esperansia hanunui jembe sokoni Kabanga kabla hajaligonga kwenye jiwe akasikia linavyolia. Basi msidhani kishikwambi cha kusomea vitabu angekinunua kwa kusifiwa tu.

Kwa miaka ishirini na miwili yeye ndiye msomaji wa masomo ya Biblia katika jumuiya yetu ya sala hapa Mabawe. Macho yalipoanza kufifia, watu wakaanza kumtaja Leonidasi, mtoto wake wa ubatizo, ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kusoma. Esperansia akasema hang'atuki. Anachohitaji ni herufi kubwa.

Dukani alivitoa vishikwambi viwili juani. Kimoja kiling'aa hadi akaona uso wake badala ya maneno. Kingine kilitulia kama karatasi. Hicho akakiangusha makusudi kwenye changarawe.

"Mama, unaniharibia mali!" muuzaji akapiga kelele.

Kioo kilikuwa kizima, ila kona moja ilichubuka. Akaomba kiachwe kimewashwa bila kuchajiwa, akarudi siku ya soko iliyofuata. Chaji ilikuwa bado zaidi ya nusu. Ndipo akakichukua.

Kosa lake lilikuwa moja tu. Alimpa Leonidasi akamwekee masomo na vitabu. Kwake yeye, mtoto wa ubatizo hagongwi kwenye jiwe. Leonidasi akarudi na kile kinachong'aa.

"Mama, kile kiligoma kuingiza masomo. Mwenye duka amenibadilishia."

Esperansia akamshukuru, akampa na mkungu wa ndizi. Nilikuwepo, nikashuku, nikanyamaza, na hadi leo najilaumu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumamosi jumuiya tulikaa uani kwake kusali, jua limeshapanda. Alisoma mistari minne kwa taabu, akikigeuza kifaa huku na huku. Mstari wa tano kikazima. Leonidasi akainuka upesi mno, akatoa kishikwambi kwenye koti, akasoma somo lote bila kukwama. Mungu anisamehe, nilitamani akwame.

"Hongera, mwanangu," Esperansia akasema. "Hebu nikishike."

Leonidasi alisita kidogo. Lakini alijua macho yale hayaoni vitu vidogo, akampa.

Esperansia hakukitazama. Alipitisha kidole gumba kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hapo kidole kikasimama.

"Ungeniomba usomaji, ningekupa," alisema polepole. "Nilikuwa nakulea uje uuchukue."

Leonidasi alitazama miguu yake mpaka tulipofunga sala.

Kishikwambi hakikutoka tena mikononi mwa Esperansia. Anakitumia kusomea kila Jumamosi, na chaji haijawahi kumwangusha. Leonidasi bado humwamkia njiani, "Shikamoo, mama." Esperansia, ambaye huwaitikia hata walevi wa kilabuni, hupita kimya.