Taa ya Chungu Mlangoni pa Baba Mkwe

Nilikuwa nimechoka kushona gizani. Nyumba yetu ya Makwale ilikuwa na balbu mbili tu, moja jikoni na nyingine katikati ya sebule, inaning'inia kwenye waya wake na kutoa mwanga wa njano usiofika hata kwenye pembe za chumba. Mimi ni fundi cherehani. Asubuhi niko shambani, kwenye mpunga au kwenye kokoa, na jioni nakaa kwenye mashine. Kazi yangu kubwa ni majoho ya kwaya, na kwaya za huku zinapenda rangi nzito. Sasa wewe jaribu kupitisha uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi chini ya balbu ya namna ile, halafu uje unihubirie habari za subira.

Wazo lilitoka kwenye simu. Nilikuwa nimejilaza mchana mmoja wa mvua, mgongo unauma, nikaona picha za nyumba za watu wa mjini walivyogeuza vikapu kuwa taa. Kikapu kimegeuzwa juu chini, balbu ndani, mwanga unapenya kwenye visuko. Nikasema, hee! Kumbe utajiri wenyewe ni vikapu? Si ninavyo vitatu huku stoo, vimejaa viatu vibovu?

Basi nikaanza. Nilitoa viatu, nikaosha vikapu, nikavianika. Kwa ajili ya jikoni nilipasua mianzi na kuifunga kwa kamba kuzunguka balbu, na vidole vyangu vikapata vibanzi vya kutosha mwaka mzima. Lakini nilichokitaka hasa ni taa ya chungu. Nikaenda Matema siku ya soko, wanakouza wale mama wa Kikisi, wafinyanzi, nikamkuta mmoja amepanga vyungu vyake chini. Nikamwambia anifinyangie kimoja cha ukubwa wa kichwa, na kabla hajakichoma akitoboe matundu mwili mzima.

"Chungu cha matundu?" Akaniangalia vizuri kama naumwa. "Utapikia nini, mama? Maharage si yatatoroka?"

"Sipikii. Natia taa ndani."

"Taa ndani ya chungu!" Akawageukia wenzake. "Njooni mumsikie huyu. Anapika umeme!"

Walinicheka mpaka wauza samaki wa jirani wakauliza kuna nini. Lakini wiki mbili baadaye chungu kilikuwa tayari, na yule mama alikuwa amekitoboa kwa mpangilio mzuri kuliko nilivyomwelekeza, matundu madogo juu, makubwa chini. Aliponikabidhi hakucheka. Alisema tu nimwambie kikiwaka kinafananaje.

Fundi umeme naye alikuja na maneno yake. Alitaka kunifungia tyubulaiti sebuleni yaishe. Nilimwambia atafunga ninachotaka au arudi kwao. Siku hiyo sikuwa na nguvu za kubembeleza mtu.

Hapa lazima nieleze habari za baba mkwe wangu, maana chungu kile kilikuwa chake. Mama mkwe alipofariki, mzee alibaki peke yake kule Ngana, ana presha, miguu inavimba. Mume wangu ni dereva wa lori, anakwenda Dar wiki mbili, anakaa nyumbani siku mbili. Watoto wote wako bweni. Kwa hiyo tulipomleta mzee nyumbani, kusema kweli aliletwa kwangu.

Na kwetu Wanyakyusa, mke wa mtu na baba mkwe wake hawaonani. Siyo ugomvi, ni heshima. Humtazami usoni, hali nawe, hampishani njiani. Siku hizi wengi wamelegeza, wapo wanaokaa benchi moja kanisani na dunia haijapasuka. Sisi hatukulegeza. Mzee alikuwa mtu wa zamani, na mimi nililelewa na mama wa zamani. Miaka ishirini na miwili ya ndoa, nilijua kikohozi chake, nilijua mgongo wake kwa mbali, basi. Alipotaka kutoka chumbani alikohoa mara tatu, mimi nikajitia jikoni. Chakula nilimwekea kwenye kigoda mlangoni kwake, nikagonga mara mbili, nikaondoka.

Jioni ndiyo ilikuwa saa yetu. Mimi nakaa kwenye mashine, nimeelekea ukutani. Yeye anakohoa, anatoka, anakaa kwenye kiti chake mwisho wa koridoo, mahali ambapo ile balbu ya sebuleni haikufika. Mgongo wangu kwake, giza kati yetu, redio katikati. Halafu anaanza kuzungumza na mtu ambaye hayupo.

"Mwambieni mwenye mashine, mvua hii itaozesha mpunga wa watu."

Nami naujibu ukuta. "Mwambieni baba, wetu umeshaingia ndani."

"Mwambieni, ndaga fijo, asante sana, kwa zile ndizi. Zilikuwa na chumvi kidogo."

"Mwambieni baba, chumvi imekatazwa na daktari. Asitake kuniletea kesi."

Hapo utamsikia anacheka kwa kukohoa. Tulizungumza hivyo karibu miaka mitatu. Mume wangu nampenda, lakini mume wangu akirudi safari analala. Mtu niliyekuwa naongea naye ni yule mzee. Nilimpenda, niseme wazi, na sikuwa na mwingine wa kunifanya nicheke nikiwa nimechoka vile.

Ndiyo maana chungu nikakipeleka kwake. Siku moja nilimsikia amejikwaa kwenye ndoo, akaangusha kila kitu, na alipoulizwa na ukuta akasema miguu ni ya uzee. Nikaamua taa nzuri kuliko zote ining'inie koridoo, mlangoni pake hasa, asije akavunjika nyonga kwenye nyumba yangu.

Zilipowashwa, jamani, palipendeza. Vikapu vilimwaga mistari kwenye dari, na chungu kile kilijaza koridoo nzima madoa ya mwanga. Majirani walikuja kuona. Mmoja akapaza sauti, "Hapa hata sindano ikidondoka unaiona!" Kweli iliweza kuonekana. Niliona hata uchafu ambao sikuwahi kuujua: alama nyeusi ya mikono ukutani, usawa wa kiuno, kutoka mlango wa mzee hadi kwenye kiti chake na kuendelea mpaka mlango wa nje. Nilichukia. Nikachukua sabuni na tambara nikaisugua siku iliyofuata huku nikinung'unika.

Jioni ile ya kwanza mzee alikohoa mara tatu, akafungua mlango, akasimama. Nilikuwa nimeelekea ukutani, nasubiri aseme neno juu ya taa. Mlango ukafungwa. Hakutoka.

Kesho yake hakutoka. Wiki nzima hakutoka. Sahani ikawa inarudi na nusu ya chakula, kisha robo tatu. Redio iliniongelesha peke yangu. Mvua zilianza, kumbikumbi wakaingia, wakajaa ndani ya chungu mpaka kikawa kinatoa harufu ya kukaangwa, nikawa napanda kwenye stuli kila asubuhi kuwakung'uta. Nilikuwa nashona vizuri sasa, mishono imenyooka, na sikuwa na raha hata kidogo.

Mume wangu aliporudi, mzee alimwita chumbani. Alitoka huko amekunja uso.

"Baba anataka kurudi Ngana."

"Ngana kwa nani?"

"Anasema umemwekea taa mlangoni. Anasema mtu akimfukuza kwa matusi atamjibu, lakini akimfukuza kwa taa amjibu nini?"

Loo! Nilitupa mkasi chini. Nilimwambia mume wangu maneno ambayo siyaandiki. Mimi nimemfukuza? Mimi ninayepika bila chumvi, ninayefua mashuka yake, niliyechekwa Matema kwa ajili ya chungu chake? Na mume wangu akajibu taratibu, jambo ambalo lilinichoma zaidi, kwamba hata yeye hakuelewa mkwe anawezaje kuwasha taa mahali anapopita baba mkwe wake. Ni kama kumwambia, toka nikutazame.

Ndipo nikauokota mkasi, maana alikuwa na haki. Binti wa Kinyakyusa mzima, nimelelewa, nimefundwa, na sikulifikiria hilo hata mara moja. Lile giza la koridoo ndilo lilituruhusu kukaa pamoja, na mimi nimelifukuza kwa mikono yangu.

Lakini Ngana kuna nini? Nyumba imefungwa, paa linavuja, jirani wa karibu naye ni mgonjwa. Nani atamkumbusha dawa za presha? Kumrudisha kule ilikuwa kumzika akiwa anapumua, na mume wangu alilijua hilo, ila neno la baba ni neno la baba. Walipanga waondoke kesho yake asubuhi.

Jioni hiyo, kama saa moja, mume wangu alikwenda kumtafuta mtu mwenye gari. Nikabaki na mzee ndani. Nilimsikia anafunga nguo zake, anavuta kamba. Nikasimama, nikaenda kwenye swichi kubwa, nikazima nyumba nzima. Nje kulikuwa na mawingu mazito, kwa hiyo ndani pakawa giza tupu, hata mkono wangu sikuuona. Nikapapasa mpaka kwenye mashine, nikakaa nimeelekea ukutani.

Nilisubiri akohoe. Hakukohoa. Nilisikia kamba inaendelea kuvutwa, taratibu, bila kusita, mtu anafunga mzigo wake gizani.

Basi nikavunja desturi. Nikasema naye yeye mwenyewe, bila ukuta.

"Baba, nisamehe. Nilitaka usijikwae tu. Nimezima taa zote, sitaziwasha tena. Toka ukae."

Kamba ikanyamaza.

"Kwani zimezimwa?" akauliza.

Nilikaa pale na mikono yangu mapajani. Nikakumbuka ile alama ya mikono ukutani niliyoisugua, na ile ndoo. Mwishowe nikamuuliza tangu lini.

Alisema macho yalianza kufifia pembeni mama mkwe alipofariki, akadhani ni machozi. Tangu masika yaliyopita, basi, kwisha. Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Jioni tulikuwa gizani wote," akasema. "Wewe unapapasa sindano, mimi napapasa kiti. Nikaona niko kama watu. Halafu nikasikia umewasha, na yule jirani anasema hata sindano inaonekana. Nikajua nimebaki peke yangu."

Nililia, na sikujizuia asinisikie. Mume wangu aliporudi na habari za gari alikuta nyumba bado giza.

Gari lile lilitumika, ila halikwenda Ngana. Tulimpeleka hospitali. Mume wangu ilibidi arudi kazini siku ya pili, kwa hiyo kwenye chumba cha daktari wa macho niliingia mimi, nikakaa nyuma kabisa karibu na mlango, macho sakafuni, kama inavyotakiwa. Daktari alikuwa kijana wa kutoka mkoa mwingine, mstaarabu. Alimpima mzee muda mrefu. Akasema ni presha ya macho, na kwamba macho ya ugonjwa huu ukiyatazama harakaharaka yanaonekana mazima, lakini aliyeko karibu na mgonjwa huona: mtu anatazama pembeni ya anayeongea naye, anakosa kikombe, anafuata ukuta. Angeletwa mwaka juzi, au hata mwaka jana, pangebaki kitu cha kuokoa. Sasa hapana.

Nesi aliyekuwa pale akanirushia ile methali ya mficha maradhi. Nilitaka kumjibu vibaya, nikaacha.

Daktari akanigeukia. Hakuwa anagomba, alikuwa anataka kuandika tu. "Mama, wewe ndiye unayekaa naye siku zote. Hukugundua kitu?"

"Sijawahi kumtazama usoni," nikasema.

Hakuelewa. Alisubiri niendelee, kalamu mkononi, na mimi sikuwa na namna ya kueleza miaka ishirini na miwili kwa mtu mwenye foleni mlangoni. Nikafanya jambo moja tu nililoweza kufanya. Niliinua macho nikamtazama baba mkwe wangu.

Alikuwa amegeuza uso wake kuelekea ukutani, shingo imekazwa, ili asinione.