Mche Mmoja Nyuma ya Jiko

Mpaka leo mtu akiniambia "sheria ni sheria" damu hunichemka. Sheria gani? Ile iliyokuja kumpokonya mamangu tonge mdomoni?

Miaka ya themanini ilikuwa imeanza tu, sisi tukikaa nje kidogo ya Kaloleni. Mama alikuwa na uvimbe tumboni. Hospitali walimtazama, wakatuambia tumrudishe nyumbani akapumzike, na kila mtu anajua maana ya maneno hayo. Akila, anatapika. Maji yenyewe anatapika. Alikonda hata bangili zikawa zinamteremka hadi kiwikoni.

Nyanya, mamake baba, ndiye aliyeleta bangi. Alitia majani kidogo kwenye uji, kama alivyowaona wazee wake wakifanya. Siku ile mama alimaliza bakuli, akalala bila kugumia, na alipoamka akauliza, "Ati hakuna samaki wa ng'onda humu ndani?" Tulicheka hadi tukalia.

Baba alikuwa mtu mnyoofu mno, na hiyo ndiyo iliyokuwa balaa yake. Hakutaka kuficha. Alikwenda kwa chifu mwenyewe, akaeleza. Chifu akaita wazee, wakakaa, wakakubaliana: mche mmoja tu, nyuma ya jiko, wa mgonjwa peke yake. Jani likionekana sokoni au mkononi mwa kijana, baba atoe mbuzi. Chifu akajipiga kifua. "Serikali hapa ni mimi. Nikisema sawa, ni sawa." Tukaamini. Kwetu neno lililopitishwa na wazee halifichwi wala halivunjwi.

Basi polisi wa wilayani walipokuja na Landrova wakisaka bangi, unajua baba alifanya nini? Aliwakaribisha! Aliwaangulia madafu, wakanywa, kisha akawapeleka mwenyewe nyuma ya jiko. "Ndio huo, wa mgonjwa wangu. Chifu anaujua. Si huyo hapo garini? Muulizeni."

Chifu alikuwa kiti cha mbele, dafu letu mkononi. Hata hakushuka. "Mzee, mimi nilikwambia bangi ni haramu," alisema. Hivyo hivyo, mchana kweupe, bila haya.

Mkubwa wa polisi akacheka. Akasema wazee wa kijiji hawawezi kujitungia sheria yao kando ya sheria ya Kenya. Nikamwambia aingie ndani walau amwone mgonjwa. Akajibu kwamba yeye si daktari. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Yeye hata mlangoni hakutaka kuchungulia.

Waliung'oa mche na mizizi yake, wakamtia baba pingu. Mama alisikia yote kutoka kitandani. Akaniita kwa sauti iliyokwisha nguvu, "Mwambie baba yako asibishane nao, watampiga."

Baba alifungwa. Kabla ya kesi nilikuwa nimewafuata wale wazee mmoja mmoja waende kortini wakaseme waliyoyapitisha. Lo! Huyu ana safari, yule miguu inamuuma. Nyanya aliogopa kutafuta jani jingine, nami sikumlaumu. Mama akarudia kutapika. Mwishowe akawa ananiomba nisipike karibu, harufu inamtesa. Wengine walisema ameuawa na uvimbe. Mimi niliyekuwa nikimshika kichwa nasema alikufa kwa njaa, na unga ulikuwamo ndani.

Baba hakuruhusiwa kuja kuzika. Chifu alikuja. Alivaa magwanda yake yaliyopigwa pasi, akakaa mbele, akaandaliwa wali. Kabla hajatia mkono akasimama kutupa pole za serikali. "Ndugu zangu," akasema, "kazi ya Mungu haina makosa."

Nikainuka kwenye jamvi la wanawake. "Kazi ya Mungu haiji na Landrova," nikamwambia.

Shangazi akanivuta leso niketi, akinong'ona kwamba nitafungwa na mimi. Sikuketi. Nilimkazia macho chifu mpaka akachukua kofia yake akaenda zake, na wali wake ukabaki kwenye sinia.