Judica Anavyokaa na Selo

Wifi yangu Judica Kokubanza anafundisha hisabati Kamachumu, wilayani Muleba, na kila Ijumaa jioni hupanda gari kwenda Bukoba kupiga selo. Selo ni fidla kubwa, kimo chake kama mtoto wa darasa la pili, sauti yake nzito, na hupigwa kwa upinde na mtu aliyeketi. Judica alijifunza chuoni alipokuwa akisomea ualimu. Siku hizi yumo katika okestra ya watu kumi na mmoja wanaofanya mazoezi Rwamishenye, hukohuko Bukoba. Wenye fidla ndogo ni wengi. Mwenye selo ni yeye peke yake.

Ukoo wetu haukuwa na neno juu ya muziki wake. Neno lilizuka okestra ilipoamua kuja kupiga nyumbani, Kamachumu. Kiongozi wao, Philbert, alikuwa na hofu yake: muziki usio na maneno, nani wa zama hizi atakaa kuusikiliza? Sisi tulikuwa na hofu nyingine. Video ya simu ilikuwa imezunguka, na ndani yake Judica amekaa kitini, selo katikati ya magoti. Kwetu binti hufundishwa kukaa mkekani, miguu ameikunjia upande mmoja, kabla hajafundishwa kusoma.

Mzee Rutaihwa, baba mdogo wa Judica, ndiye mkubwa aliyebaki katika ukoo wa marehemu mume wangu. Aliniita.

"Mke wa mwanangu, mwambie wifi yako. Akikaa vile mbele za watu, nitanyanyuka nitoke."

Na Rutaihwa akitoka ukumbini, Kamachumu nzima hutoka.

Nilikwenda Rwamishenye kujionea, maana jina la nyumba hii halichungwi kwa kusikia. Judica alikuwa amevaa sketi inayofagia sakafu. Nikamwomba ajaribu kukaa upande, kama mkekani. Akajaribu bila kubisha. Mkono haukufika, na sauti ikatoka kama mlango wa banda la mbuzi. Philbert akashauri basi akae nyuma ya wenzake, asionekane.

"Nifichwe kama mtungi wa pombe ya rubisi siku mchungaji anapotembelea?" Judica akamjibu.

Nilicheka, ingawa sikutaka. Nikamuuliza, "Kwani lazima magoti?"

"Wifi, weka kiganja hapa."

Nikakiweka ubavuni mwa selo. Akavuta upinde, na mbao zikatetemeka hadi kwenye kiwiko changu.

"Isiposhikwa inateleza," akasema. "Mikono yote miwili ina kazi. Sasa niishike kwa kitu gani?"



Jumamosi, siku moja kabla ya onyesho, aliipeleka selo kwa Rutaihwa, nami nikamsindikiza. Akapiga magoti, akamwamkia, tukapewa kahawa ya kutafuna kama wageni.

"Baba, nimeileta uione," akasema. "Ukiikataa, kesho nitabaki nyumbani. Wenzangu watapiga bila sauti ya chini."

 Mzee aliizunguka selo mara mbili.

"Ndani kuna nini?"

"Hewa tu, waitu," akajibu kwa neno letu la heshima.

"Na hizi nywele za upinde?"

"Singa za farasi."

"Farasi! Muleba hii?"

Mkewe Gaudiosa alikuwa akimenya ndizi mlangoni. "Mzee, acha kuihoji kama mchumba," akasema. "Ishike."

Rutaihwa akaketi. Akaiegemeza ubavuni, ikateleza. Akailaza mapajani, upinde ukakosa njia. Mwishowe akaibana kwa magoti na kuvuta.

"Yesu! Ng'ombe anazaa!" Gaudiosa akapiga kelele, kisu kikamdondoka.

Mzee hakucheka. Alivuta tena, polepole, kichwa amekiinamisha kama mtu anayesikiliza mlio wa injini. Kisha akamrudishia Judica. "Nimesikia," akasema. Hakusema ndiyo, wala hakusema hapana, na njiani kurudi Judica akaniambia, "Hajaikataa."

Jumapili baada ya ibada ukumbi wa usharika ulijaa. Najua wengi walikuja kuona magoti. Judica alikaa mbele kabisa, akakaa vilevile anavyokaa. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa mbio, na vijana wakainua simu zao. Jirani yetu Ephrasia aliutazama ukuta mwanzo hadi mwisho, lakini mguu wake ulikuwa ukigonga sakafu.

Wimbo wa pili ulikuwa wa taratibu, na ulianzwa na selo peke yake. Haukuwa umefika mbali Rutaihwa aliponyanyuka.

Watu wote wakamwona. Kwenye mabenchi ya nyuma akina mama wakaanza kukusanya mikoba. Philbert akageuka, jasho usoni. Judica alikuwa amefumba macho.

Mzee akainua kiti chake kwa mikono miwili, akakibeba hadi alipokuwa Judica, akakaa na kutega sikio karibu na tumbo la selo. Mikoba ikarudi chini.

Mkono wa upinde ukakosa nafasi. Judica akafumbua macho.

"Baba," akanong'ona bila kuacha kupiga, "rudi kidogo, nitakugonga."

Akarudi shubiri moja.