Mashine Ilivyovikataa Vidole vya Mama

Nimechoka na neno "mkakati." Mimi ni afisa maendeleo wa kata huku Newala, na mwaka mzima nilitumwa vijijini kueleza mkakati wa taifa wa akili unde: mashine zinazojifunza zitatusaidia shambani na hospitalini, zitajua sura zetu na sauti zetu, zitatumika kwa uwajibikaji, hakuna atakayeachwa nyuma. Niliyakariri kama sala.

Mama yangu, kule Chilangala, alikuwa keshaachwa.

Mama anabangua korosho tangu ni mwali. Mafuta ya ganda lake yanaunguza, na majivu unayojipaka yanasaidia kidogo tu. Ncha za vidole vyake zimelainika, hazina mchoro hata mmoja. Walipotaka kila laini ya simu ihakikiwe kwa alama za vidole, kijana wa kibandani alimfuta mikono kwa kitambaa: bonyeza mama, bonyeza tena. Mashine ikakataa. Tukashuka hadi Masasi, ikakataa.

"Mfumo haukutambui, bibi."

"Loo! Uzee wote huu, leo ndo sitambuliki?"

Laini mpya ningeweza kumsajilia mimi, kwa vidole vyangu. Hakutaka, na hata mimi sikutaka. Mdogo wangu alivuka Ruvuma kwenda kutafuta maisha Msumbiji, na hupiga mara moja moja kwa simu ya kuazima. Namba aliyo nayo kichwani ni hiyo ya mama tu. Yake hatuna.

Zamu ya Chilangala ilipofika nilikwenda na mgeni kutoka makao makuu. Mama akakaa mbele kabisa. Nilipomaliza sala yangu akanyoosha mkono.

"Mwanangu, hiyo akili imeundwa na nani?"

"Na watu, mama."

"Basi wapo. Nipelekeni kwao waione hii mikono."

Watu wakaangua kicheko, akina mama wakapiga vigelegele. Mgeni akatabasamu, akasema hiyo ni hoja nzito, itaingia kwenye mkakati.

"Haya, iingizeni. Laini yangu je?"

"Tunalifanyia kazi, mama."

Nikazunguka na mama ofisi kwa ofisi. Njoo kesho. Tukaenda hiyo kesho. Kila mtu alitupa pole, na wengine walimaanisha kweli, lakini pole haifungui laini. Ikafungwa. Nilikasirika mpaka hasira yenyewe ikanichosha.

Juzi niliipiga ile namba. Sijui nilitaka nini. Ikaita! Akapokea kijana mmoja, yuko Dodoma, kauziwa laini hiyo dukani kama mpya. Nikamweleza kwamba namba ilikuwa ya mama yangu.

"Ah, pole dada. Ndo maana."

"Ndo maana nini?"

"Kuna jamaa alipiga mwezi uliopita, namba ya nje. Kupokea tu, 'Shikamoo mama.' Nikamwambia umekosea namba, kaka. Akapiga tena, akauliza mama yuko wapi. Nikamwambia simjui."

"Hiyo namba unayo?"

"Nilimpigia baadaye, roho iliniuma. Akapokea mtu mwingine, anaongea Kireno tupu. Sikuelewa kitu."

Nikamshukuru. Kosa si lake.

Mama sijamwambia. Jana nilimkuta uani, mikono myeusi kwa korosho. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, halafu akauliza, "Wamefikia wapi wale watu wako?"

"Wanalifanyia kazi, mama," nikamjibu.