Niliwaambia Wamefuata Kivuli

Kosa ni langu, na sitafuti mtu wa kugawana naye. Mimi ni naibu wa chifu huku Makueni, si mbali na Matiliku. Jina niachie. Wanaonijua watanitambua tu, na watacheka, maana wamekuwa wakinicheka muda mrefu sasa.

Ilianza na uchaguzi wa kamati ya maji. Usiudharau, ndugu yangu. Kwetu anayeshika ufunguo wa kisima ana nguvu kuliko mbunge. Mbunge unamwona wakati wa kampeni. Mwenye ufunguo unamwona kila asubuhi, ukiwa na mtungi na kiu.

Ufunguo alikuwa nao Mzee Mbithi tangu kisima kichimbwe. Ni mzee wa kanisa, na ndiye aliyenisimamia nilipooa. Kisima kilifunguliwa alipoamka na kufungwa alipokasirika. Watu walipochoka wakadai uchaguzi, na mimi nikaambiwa na wakubwa wangu niusimamie.

Aliyejitokeza kushindana naye ni Mama Mutheu, mjane anayeshona nguo pale sokoni, mtu asiye na maneno mengi. Tulikutana kwenye uwanja wa shule, kila mtu asimame nyuma ya anayemtaka. Mlolongo wa Mama Mutheu ulianzia langoni, ukapita kando ya madarasa, ukafika jikoni kwa wapishi. Wa Mzee Mbithi ulikuwa na wanawe, mashemeji waliokuwa wamekuja kutembea kutoka Kitui, na babu mmoja mgumu wa kusikia ambaye baadaye tuligundua alidhani ni foleni ya dawa ya mbuzi. Mke wangu mwenyewe alikuwa kwa Mama Mutheu, na alikuwa ananitazama machoni.

Nilikuwa nafungua mdomo kutangaza Mzee Mbithi aliponivuta nyuma ya darasa. Hakunitisha wala hakuniahidi kitu. Alinishika mkono tu akalalamika kwa sauti ya chini, atawatazamaje watu kanisani akiwa ameangushwa na mama wa cherehani. Mwisho akaniambia, "Wewe ni serikali. Serikali haiwezi kukosa neno la kusema."

Na kweli sikukosa. Nilirudi mbele ya watu, nikaweka kofia yangu sawa, nikasema nimechunguza. Upande wa Mama Mutheu una kivuli cha madarasa. Upande wa Mzee Mbithi una jua. Kwa hivyo hawa wote wamefuata kivuli, hawakumfuata mgombea. Uchaguzi umeharibika. Mzee Mbithi ataendelea mpaka tupate siku isiyo na jua wala kivuli.

Nilisema hivyo, mbele ya watu wazima, nikiwa nimevaa sare ya serikali!

Mama Mutheu aliniuliza swali moja tu. "Naibu, umehesabu?"

Nikamjibu kwamba hesabu ni kazi ya walimu, yangu ni usalama. Akakaza leso yake kiunoni, akarudi kwenye cherehani.

Nilidhani yameisha. Kumbe! Nikiitisha baraza kutangaza chanjo ya mifugo, mtu anainua mkono kuuliza kama ng'ombe wasimame juani ama kivulini. Nyumbani mke wangu akaanza kunitengea muthokoi, chakula chetu cha mahindi na maharagwe, nje kwenye jua kali. Akasema hataki siku moja nidai nilikula kwa sababu ya kivuli.

Hayo niliyavumilia. Kicheko hakiui mtu.

Halafu ukaja uchaguzi mkuu. Kijana wetu alikuwa anagombea udiwani, akashindwa na mtu wa ng'ambo ya mto. Alishindwa kwa kura chache, lakini alishindwa. Mawakala wake walikuwa ndani wakati wa kuhesabu, na wote wakakubali. Mimi nilikuwa nje na polisi, nikawaona wakitoka na nyuso zimewaanguka. Nilijua matokeo ni ya haki.

Asubuhi vijana walijaa sokoni wakiwa na mawe. Walisema wameibiwa, na kwamba watu wa nje ndio waliowaibia. Mtu wa nje waliyemwona karibu ni Bwana Salim, muuza nafaka, Mwislamu ambaye wazazi wake walitoka pwani. Alikuwa ameishi nasi mpaka akawa anatutania kwa Kikamba.

Nilisimama mbele ya duka lake. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nafanya kazi niliyoajiriwa kufanya. Niliwaambia matokeo ni ya kweli, kura zao zimehesabiwa, aliyeshinda ameshinda, na serikali itasimama na hayo.

Kijana mmoja akaniuliza kwa upole kabisa, "Na jana kivuli kilikuwa upande gani, naibu?"

Walicheka. Kisha wakanisukuma pembeni kama mlango wa zizi. Kofia yangu ikaanguka, wakaikanyaga, wakavunja mlango wa Salim. Magunia yalipasuliwa, ndengu zikamwagika mpaka barabarani. Salim alikuwa ndani amewafunika wanawe kwa mikono yake. Ndugu yangu, nilikuwa nasema ukweli mtupu, na ukweli ule ukakosa mnunuzi.

Aliyewazuia ni Mama Mutheu. Alitoka kwenye kibanda chake utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni, akaingia katikati yao. Nimesahau kukwambia, alikuwa wakala wa yule kijana wetu.

"Nilikuwa ndani," akasema. "Nimehesabu nao kura kwa kura. Tumeshindwa. Mimi nimewahi kuibiwa mbele yenu, nikiibiwa nitajua. Wekeni mawe chini."

Wakaweka. Mmoja akamwambia, "Tusamehe, mwaitu," jinsi mtu anavyomwita mama yake, akainama kuokota ndengu.

Wiki hiyo niliitisha baraza. Nikasema wazi kwamba Mama Mutheu alishinda kamati ya maji, na nilijua, na niliongopa. Hakuna aliyepiga makofi. Mzee Mbithi alitupa ufunguo mezani akaondoka. Mama Mutheu akauchukua, akaniomba nifupishe hotuba, watu wanangoja maji.

Salim amehamia Makindu. Nilienda kumsihi abaki. Aliniuliza, fujo zikirudi, na mimi nikisimama tena mlangoni pake, nani ataniamini? Nikamsaidia kufunga mizigo.

Wewe mwenye cheo, kiwe kidogo namna gani, nisikilize. Watu wakichagua, tangaza walichochagua, na usimame nacho, hata kama aliyeanguka alikusimamia harusi. Usitafute neno la kusema. Ukiongopa kwenye uchaguzi wa kisima, siku ya uchaguzi wa nchi utapiga kelele za kweli na watu watakupita.

Na huyo rafiki niliyemfanyia haya yote? Tukikutana njiani anavuka barabara. Nimesikia anawaambia watu kanisani kwamba mimi si mtu wa kuaminika.