Nilivyojifunza Kukoroga Uji

Nilikuwa na miaka sabini na moja nilipojua chumvi inawekwa wapi nyumbani kwangu. Kwetu Bomet, mwanamume wa rika langu huketi sebuleni, chakula kikamfuata. Nilizoea hivyo, na nikadhani ndiyo heshima.

Mwaka huo mke wangu aliugua saratani ya umio, ule mrija unaopeleka chakula tumboni. Akaanza kutiwa dawa kwenye mshipa kila baada ya wiki tatu. Muuguzi, binti mchangamfu wa huku kwetu, alitueleza wote wawili: ale kidogo kidogo mara nyingi, vitu laini, mayai, maharagwe yaliyopondwa, maziwa yaliyochemshwa. Asinywe kitu cha moto sana. Na mursik, yale maziwa yetu ya kugandishwa kwenye kibuyu, aachane nayo mpaka matibabu yaishe, kwa sababu dawa imemwacha bila nguvu ya kupigana na viini vya magonjwa.

"Uzito ukishuka tena, tutasimamisha dawa," alisema.

Nilisikia yote. Kisha shemeji akaja na kibuyu.

Mursik ile ilikuwa nzuri, nyeusi-nyeusi kwa mkaa, ikinukia kama harusi. Nikamjazia mke wangu kikombe.

"Si tumekatazwa?" akauliza.

"Yule muuguzi amezaliwa juzi. Nani amewahi kuuawa na mursik? Kunywa, Mama."

Akanywa, kwa kuwa miaka yote alikuwa amezoea kuniamini. Kesho yake tumbo likamharibikia, na likaendelea hivyo siku nne. Tulipofika kliniki, mizani ilisoma kilo arobaini na moja. Alikuwa amepoteza tatu.

"Kogo, umekula nini?" muuguzi alimwuliza, akimwita bibi kwa lugha yetu.

Mke wangu alitazama viatu vyake. Alikuwa ananifichia kosa langu. Mzigo wa aibu ulikuwa wangu na yeye ndiye aliyeubeba, na hilo liliniuma kuliko kitu chochote.

"Ni mimi," nikasema. "Nilimpa mursik."

Muuguzi hakunifokea. "Mzee, hata mimi nimelelewa kwa mursik. Wakati wake utarudi. Leo hatuwezi kumpa dawa. Una wiki mbili za kumrudishia nyama mwilini."

Wiki mbili. Watoto wetu wako mbali, na yeye alikuwa hawezi kusimama mbele ya jiko. Nikavua koti, nikaingia jikoni.

Mke wangu aliketi mlangoni kwenye kigoda, amejifunga blanketi, akinisimamia kama nyapara wa shamba la chai.

"Koroga, Mzee, usichunguze! Uji si ng'ombe mgonjwa."

"Nakoroga."

"Unakoroga kama unayeogopa kuuamsha. Weka maziwa. Si hayo, yale yaliyochemka!"

Uji wa kwanza tulimpa mbwa, naye akaufikiria kwanza. Wa pili mke wangu aliumaliza, akicheka hadi akashika mbavu. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo miezi mingi. Nikaona kwamba ningekuwa nimeingia jikoni zamani, ningekuwa nimepata kicheko hicho bure, kila siku.

Nilijifunza kuchagua parachichi sokoni Silibwet kwa kuziminya kwa kidole gumba, mpaka mama mmoja akanifukuza kwenye fungu lake. Nikaponda viazi na malenge, nikavunjia yai ndani, nikalipika likaiva kabisa. Chai nilimwachia ipoe. Hapo pia nina lawama. Miaka yote chai isiyounguza ulimi niliiita maji ya kuoshea vikombe, naye akainywa ya moto ili nisimcheke. Muuguzi alisema joto la namna hiyo huumiza umio, ingawa hakuna awezaye kujua kama ndilo lililomletea ugonjwa. Nilimwomba mke wangu msamaha nikiwa na mwiko mkononi. Akasema, "Nimekusamehe. Viazi vinaungua."

Jirani yangu, tuliyetahiriwa pamoja, alinikuta nikimenya malenge.

"Kumbe umeolewa!"

"Nimeolewa. Karibu uji."

Alikunywa vikombe viwili, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini ninaweka maziwa kiasi gani.

Siku ya kliniki ilipofika sikuweza kutazama mizani. Nilitazama ukuta.

"Arobaini na tatu na nusu!" muuguzi akapiga makofi. "Kogo, leo dawa ipo."

Mke wangu aliingia chumba cha matibabu kwa miguu yake mwenyewe. Nikavuta kiti nikae nimsubiri, naye akageuka mlangoni.

"Mzee, mbona unakaa? Nenda unitafutie yai la kuchemsha. Mimi nina njaa."

Njaa! Nilishuka ngazi za kliniki ile nikicheka peke yangu, na watu wakanipisha.